Nia ya Anayebisha Hodi: Tabora na Swali la Kumtafuta Mungu

Katika Ukristo, swali la kwa nini mtu anamtafuta Mungu lina uzito unaokaribia ule wa swali la kama anamtafuta, kwa sababu tangu mwanzo imani hiyo imeshikilia kwamba matendo mawili yanayofanana kabisa machoni pa watu, iwe sala, sadaka au safari ya kwenda kanisani, yanaweza kuwa mbalimbali mbele za Mungu kutokana na nia iliyoyasukuma. Nia, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kile ambacho moyo unakitaka hasa, yaani kitu ambacho kikiondolewa tendo lote hukoma. Mtu anayesali ili apone, na akishapona haonekani tena, amedhihirisha bila kutamka neno kwamba alichokitafuta ni afya, na kwamba Mungu alikuwa njia tu ya kuifikia. Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo hadi alipofariki mwaka 430, alilieleza jambo hilo kwa kutofautisha kutumia na kufurahia: kutumia ni kukichukua kitu kwa ajili ya kupata kingine, na kufurahia ni kukipenda kitu kwa ajili yake chenyewe, na kosa la msingi la binadamu, kwa maoni yake, ni kumtumia Mungu ili aufurahie ulimwengu, ilhali ilipasa iwe kinyume chake.

Biblia yenyewe haitoi jibu jepesi. Katika kitabu cha Ayubu, mshitaki anasimama mbele ya Mungu na kudai kwamba mcha Mungu yule anacha kwa malipo, na kisa chote kinachofuata ni jaribio la dai hilo. Katika Injili ya Yohana, umati ulioshiba mikate unamfuata Yesu hadi ng'ambo ya ziwa, naye anawaambia wazi kwamba wamekuja kwa sababu ya tumbo. Hata hivyo, mwana mpotevu katika Injili ya Luka anafunga safari ya kurudi nyumbani baada ya kukumbuka kuwa watumishi wa babaye wanakula na kusaza, na baba anamkimbilia bila kumhoji kilichomrudisha, wakati Sala ya Bwana, ambayo kila Mkristo hufundishwa, inaomba chakula cha siku kabla ya kuomba msamaha. Mwenye kutaka kufundisha kwamba kumwendea Mungu kwa haja ni dhambi atakosa pa kusimama katika maandiko hayo, na mwenye kufundisha kwamba haja inatosha atakosa vilevile.

Ni maeneo machache ya Afrika Mashariki ambako mvutano huo ulijitokeza waziwazi kama Tabora na njia ya zamani ya misafara, kwa kuwa wale waliobisha hodi kwenye misioni za kwanza huko walikuwa na kila sababu ya kubisha, na nyingi kati ya sababu hizo hazikuhusu mbingu. Tabora, ambayo wazungu wa kwanza kufika mwaka 1857, Richard Burton na John Speke, waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya Unyanyembe: misafara kutoka pwani ya Bagamoyo ilifika hapo baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi, kisha njia ikagawanyika, moja ikielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na nyingine ikielekea kaskazini hadi Ziwa Nyanza, yaani Viktoria, na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kuelekea pwani. Bunduki, baruti, shanga na majora ya vitambaa vya merekani na kaniki yalipanda kuja bara, yakibebwa zaidi na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili begani. Uislamu ulitangulia, ukiletwa na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiomani waliojenga matembe yao Tabora na Kwihara, na mpagazi aliyerudi kutoka pwani akiwa na kanzu na jina jipya hakumshangaza mtu, ingawa naye angeweza kuulizwa swali hilihili linaloulizwa hapa kuhusu Wakristo.

Wanyamwezi walikuwa na dini yao, ambamo Mungu muumba alitambuliwa lakini ibada za kawaida zilielekezwa kwa mizimu, yaani roho za wahenga, waliotambikiwa mvua ilipokawia, mtoto alipougua au msafara ulipokuwa karibu kuondoka. Katika utaratibu huo, kwenda mbele ya wenye uwezo wa ghaibu mtu akiwa na haja yake mkononi hakukuwa aibu hata kidogo, bali ndiyo adabu iliyotarajiwa, maana mtu asiye na shida angekwenda kusema nini? Mmisionari aliyelalamika kwamba watu walikuja kwake kutafuta dawa na kitambaa mara nyingi hakutambua kwamba walikuwa wakimtendea kama walivyowatendea walio watakatifu machoni pao.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi mwa Tabora. Mwaka 1879 Dakta Ebenezer Southon wa Chama cha Misioni cha London, kilichokuwa cha Kiprotestanti, alifungua kituo kwake, naye mtemi akampokea kwa heshima. Mirambo, aliyeanza kupigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, alitaka tabibu, alitaka kutambuliwa na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, na alitaka uhusiano na pwani usiopitia mikononi mwa mahasimu wake. Southon alifariki mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, Mirambo akafariki Desemba 1884 bila kuwa Mkristo, na baada ya karibu miaka 20 ya kazi yenye waongofu wachache mno, kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamoraviani mwaka 1898. Ni rahisi kumlaumu mtemi kwamba alivitaka vya wamisionari akamwacha Mungu wao, lakini haki inadai isemwe pia kwamba hakumdanganya mtu: hakuomba ubatizo kamwe, na katika hilo alikuwa mnyoofu kuliko wengi walioubeba msalaba shingoni kwa ajili ya jora la merekani.

Upande wa Wakatoliki hali ilikuwa ngumu zaidi, tena kwa namna ambayo wasimulizi wa historia ya misioni huipita haraka. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe kutokana na kanzu zao, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, waliondoka Bagamoyo na msafara wao wa kwanza Juni 1878, wakamzika Padri Joachim Pascal njiani mwezi Agosti, na walipofika Tabora wakagawanyika, kundi moja likaenda Ujiji na jingine Buganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 walifungua makao ya watoto Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, na watoto waliolelewa humo hawakubisha hodi kwa hiari yao, kwa sababu walikuwa wamekombolewa, maana yake walinunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa ili wawe huru na walelewe katika dini. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa kwa nini amemtafuta Mungu hana jibu lililo lake, kwa kuwa hakutafuta chochote. Alitolewa kwenye mnyororo na kuingizwa kwenye darasa la katekisimu, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, na angekuwa wa ajabu kama angekataa.

Hapo ndipo uchunguzi wa nia unapolazimika kugeuzwa kumwelekea mchunguzi. Wamisionari walitaka kuokoa watoto, na hakuna sababu ya kutilia shaka huruma hiyo. Lakini walitaka pia kupata Wakristo wa kwanza mahali ambapo watu wazima walikuwa wagumu kugeuka, na mtoto asiye na ukoo, asiye na mjomba wa kumkataza wala mizimu ya nyumbani ya kumrudisha, alikuwa rahisi kufundishwa kuliko kijana wa Unyanyembe aliyezungukwa na nduguze. Vilevile, mali iliyolipwa kuwakomboa iliingia katika soko lilelile ambalo Lavigerie alilipiga vita Ulaya nzima katika kampeni yake ya mwaka 1888 dhidi ya utumwa. Nia njema na nia ya manufaa zilikaa katika moyo mmoja, kwa wamisionari kama kwa waliowafuata, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba mmoja alikuwa na mamlaka ya kumhoji mwenzake na mwingine hakuwa nayo. Kipalapala yenyewe iliachwa mwaka 1889, wakati vita vya pwani kati ya Wajerumani na wafuasi wa Abushiri vilipoitikisa njia nzima ya misafara.

Hata hivyo, mwanzo usio na hiari haukuamua mwisho. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu katika Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara na kuuzwa, hadi Mapadri Weupe walipomkomboa Algeria na baadaye kumpeleka Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika utabibu. Alifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akiwa tabibu na katekista, yaani mlei anayefundisha dini. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba kijana huyo hakuwa na pa kwenda kwingine, na kwa miaka ya kwanza hoja hiyo ina nguvu. Lakini Atiman alibaki Karema hadi alipofariki mwaka 1956, akiwatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, akaoa huko na kuwa mwenyeji, wakati utumwa ulikuwa umekwisha zamani, serikali mbili za kikoloni zimepita mbele ya macho yake na ujuzi wake ungeweza kumpatia kazi mahali pengi. Nia iliyomleta ilikuwa ya watu wengine. Iliyomweka ilikuwa yake.

Lavigerie alilifahamu tatizo la nia, na suluhisho lake lilikuwa muda. Aliagiza kwamba, isipokuwa kwa mtu aliye katika hatari ya kufa, ubatizo usitolewe kabla ya miaka minne kwisha: miwili ya kwanza mtu angekuwa mwombaji tu, anayefundishwa kweli za msingi bila kuonyeshwa mafumbo ya ibada, na miwili iliyofuata angekuwa mkatekumeni, neno la Kigiriki kwa asili linalomtaja anayefundishwa akijiandaa kubatizwa, akivaa medali shingoni kama alama ya hatua aliyoifikia. Mashirika mengine ya Kikatoliki ya wakati huo yaliona sharti hilo kuwa kali kupita kiasi, kwani lilimaanisha kituo kingeweza kufanya kazi kwa miaka bila hesabu kubwa ya kuipeleka Ulaya, na hesabu ndiyo iliyofungua mifuko ya wafadhili.

Agizo hilo lilifufua desturi ya kale. Maandiko yanayoitwa Mapokeo ya Mitume, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Hippolytus wa Roma wa karne ya 3, yanataka wageni waulizwe sababu ya kuja kwao, tena mbele ya wale waliowaleta, ambao hutoa ushahidi juu yao. Mafundisho yaendelee kwa miaka mitatu, ingawa mwenye bidii hapimwi kwa muda bali kwa mwenendo. Na mwisho, kabla ya ubatizo, ichunguzwe kama waliwaheshimu wajane, kama waliwatembelea wagonjwa, kama walitenda mema. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba baada ya swali la kwanza la mdomo, uchunguzi wote uliobaki unaulizwa kwa majirani. Kanisa la kale halikujidanganya kwamba mtu anaweza kuuona moyo wake mwenyewe na kuutolea taarifa. Liliangalia alikokwenda mtu huyo pale ambapo hapakuwa na cha kupata, na nyumba ya mjane maskini ni mahali pa namna hiyo.

Miaka minne, bila shaka, ilikuwa na kasoro zake. Aliyefanya kazi kwenye shamba la misioni na kulipwa kwa kitambaa angeweza kusubiri miaka kumi bila taabu, maana malipo yalimfikia akisubiri. Muda hupima uvumilivu, na uvumilivu si lazima uwe upendo. Kipimo kikali zaidi kilipatikana bila mtu kukipanga, katika tawi la kaskazini la njia ya misafara. Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda kwa sababu za usalama, wakavuka Nyanza na kukaa Bukumbi, kusini mwa ziwa, hadi mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu wasomaji wa Kikatoliki kwenye ikulu ya Kabaka, kama walivyoitwa wale waliojifunza dini kwa kujifunza kusoma, hawakuwa na padri, dawa, zawadi wala mgeni mwenye sauti mbele ya mfalme. Mapadri waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta vijana kama Joseph Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa wamewafundisha wenzao, na idadi ya waliotaka kubatizwa ilikuwa imeongezeka. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, na usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, Charles Lwanga, ambaye mwenyewe alikuwa na miezi michache tu tangu abatizwe, aliwabatiza mvulana Kizito na wenzake wachache wakijua kwamba kifo kiko mlangoni. Wengi wao walichomwa moto Namugongo Juni 3. Wanahistoria wana haki ya kukumbusha kwamba ikulu hiyo ilijaa siasa na kwamba makundi ya dini yalikuwa pia makundi ya kugombea madaraka, lakini mvulana anayeomba maji ya ubatizo saa chache kabla ya kupelekwa kuuawa hana cheo anachokigombea.

Kwenye nchi ya Tabora yenyewe nia zilibadilika sura pamoja na uchumi. Reli ya kati ilipofika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi na frasila zake ilikwisha, na kitambaa hakikuwa tena kivutio. Nafasi yake ilichukuliwa na shule. Kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misioni, kiti cha darasani na jina la ubatizo vilikwenda pamoja, na wazazi wengi walilipa jina ili wapate kiti. Kwa sababu hiyo, habari za Julius Nyerere zinavutia kwa mtu anayechunguza nia. Alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, shule ambayo kubaki kwake hakukutegemea ubatizo, na alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 23, 1943, alipokuwa tayari amemaliza mwaka wake wa kwanza Makerere. Wakati huo ubatizo haukumpa shule wala hati, maana vyote viwili alikuwa navyo. Kilichokuwamo moyoni mwake hakiwezi kusomwa kutokana na tarehe, lakini tarehe zinaondoa angalau maelezo mepesi kuliko yote.

Leo shule imepoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na kivutio kimehamia kwenye muujiza na mafanikio. Mahubiri yanayoahidi gari, biashara na ushindi dhidi ya maadui, ambayo huitwa injili ya mafanikio, yanamwita mtu waziwazi kwa nia ile ambayo zamani mapadri walijaribu kuichuja kwa miaka minne. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ingekuwa ukatili kuwadharau waliokufa, kwa kuwa walikuwa na magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, na wengi wao hawakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Lawama inayostahili, kama ipo, inamwelekea zaidi anayetangaza bidhaa kuliko anayekuja kuinunua. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, alipopanga ngazi nne za upendo, aliweka kwenye ya kwanza mtu anayejipenda kwa ajili yake mwenyewe, na kwenye ya pili mtu anayempenda Mungu kwa ajili ya faida yake. Ngazi hiyo ya pili si dhambi kwa Bernard. Ni hatua, na kwa njia yake mtu anayesaidiwa tena na tena huanza kumjua msaidizi, mpaka siku moja ajikute amepanda ya tatu, ambapo Mungu anapendwa kwa ajili yake mwenyewe. Ubaya wa injili ya mafanikio ni kwamba inaijenga nyumba yake yote juu ya ngazi ya pili na kumwahidi mtu kwamba hakuna haja ya kupanda zaidi.

Mwongozo ulio wa busara kuliko mingine yote kuhusu suala hili uliandikwa karibu mwaka 400, pale Agostino alipomwandikia Deogratias, shemasi wa Carthage aliyekuwa akichoka kufundisha wageni. Alimshauri aulize kwanza nia ya anayekuja, na ikiwezekana aulize pia wanaomfahamu. Lakini alimwambia vilevile kwamba hata mgeni akidanganya, akitoa sababu ya kupendeza huku moyoni anatafuta faida ya kidunia, mwalimu aanzie palepale kwenye uongo huo, si kwa kumfichua, bali kwa kuisifu ile nia njema aliyoitaja, ili mgeni aone raha kuwa kweli yule mtu anayetaka kuonekana, kwa sababu mara nyingi aliyekuja kwa kuigiza hutamani mwishowe kuwa alichokiigiza. Inafaa kukumbukwa kwamba Lavigerie, aliyeagiza kungojea miaka minne, alifanywa baadaye askofu mkuu wa Carthage hiyohiyo.

Ushauri huo haujachakaa. Mapadri na wachungaji, Tabora kama kwingineko, humpokea mara kwa mara kijana anayeomba ubatizo kwa sababu mchumba wake ni Mkristo na familia ya binti inataka ndoa ifungwe kanisani. Akiulizwa, kijana husema anataka kumjua Mungu, na pengine ndivyo ilivyo kwa sehemu. Ila kadi za michango zimekwisha kusambazwa, ukumbi umelipiwa nusu, na kamati ya harusi hukutana Jumapili mchana, saa ileile ya mafundisho.